Kosa la Mwanafunzi Mikononi mwa Mwalimu wa Kiingereza

Mtu akiniuliza kazi yangu hasa ni nini, humjibu kwamba nashinda na makosa ya watoto wa watu. Jibu hilo huwachekesha wengi, ingawa mimi silitoi kwa mzaha. Mwalimu wa Hisabati au wa Jiografia hukutana na kosa anaposahihisha zoezi, lakini mwalimu wa lugha ya kigeni hulisikia tangu salamu ya asubuhi, hulisoma katika kila mstari wa insha, na mara nyingine hulikuta hata ndani ya sentensi ambayo mwanafunzi anaitumia kuomba radhi kwa kosa lililotangulia. Kwa hiyo kufundisha Kiingereza, kwa jinsi ninavyokuelewa baada ya miaka mingi darasani, ni kazi ya kukata shauri kila dakika: kosa hili nilishike au niliache lipite, nilishike sasa au kesho, mbele ya wenzake au tukiwa wawili tu. Shauri hilo, kuliko kitabu cha kiada na kuliko andalio la somo lililopangwa likapangika, ndilo linaloamua kama mwanafunzi atastawi au atanyamaza.

Nilipoingia kazini nilikuwa na matumaini mengine. Nilipenda fasihi, na nilijiona nikiwasomea vijana mashairi huku wakinisikiliza kwa makini. Mashairi yapo, na huwa tunayafikia, lakini njia ya kuyafikia hupitia kwanza kwa kijana ambaye anaogopa kufungua kinywa.

Wazo la kulitazama kosa kwa heshima silidai kuwa langu. Mwaka 1967 mwanaisimu Pit Corder aliandika makala ambamo alitenganisha mambo mawili ambayo walimu tulikuwa tumezoea kuyaweka kapu moja. Kuna kuteleza kwa ulimi, ambako msemaji hukutambua na kujirekebisha mwenyewe, na kuna kosa linalojirudia kwa utaratibu kwa kuwa limetokana na kanuni ambayo mwanafunzi amejitungia kichwani. Kosa la aina hii ya pili, kwa maelezo yake, humwonyesha mwalimu mahali mwanafunzi alipofika na sehemu ya safari iliyobaki. Miaka mitano baadaye, mwaka 1972, Larry Selinker alisonga mbele zaidi akasema kwamba anayejifunza lugha ya pili anazungumza lugha yenye mfumo wake, ambayo si lugha aliyozaliwa nayo wala si ile anayofundishwa, bali ni ya njiani kati ya hizo mbili. Nilipoyasoma mawazo haya nikiwa chuoni niliyakariri kwa ajili ya mtihani. Maana yake niliipata baadaye, madaftari yalipoanza kurundikana mezani.

Mfano ulionitoa jasho kuliko mingine yote ni ile -s ya kitenzi katika nafsi ya tatu umoja. Mwanafunzi hufundishwa mapema kabisa kwamba husemwa "she works", hufanya zoezi la kujaza nafasi, hupata yote, kisha akisimama kueleza habari za dada yake husema "My sister work in a bank" bila kusita hata kidogo. Walimu wengi hukasirika hapo, kwa sababu wameshaieleza kanuni hiyo mara zisizo na idadi. Lakini mtu akilitazama kosa hilo akiwa na Kiswahili kichwani ataona lina akili ndani yake. Kitenzi chetu hubeba nafsi kila mahali: ninasoma, unasoma, anasoma, tunasoma, na hakuna nafsi iliyopendelewa kuliko nyingine. Kiingereza, kwa upande wake, kimepukutisha karibu viambishi vyake vyote vya nafsi katika karne zilizopita na kubakiza hicho kimoja, tena mahali ambapo hakiongezi maana yoyote, kwa kuwa "she" imekwisha kusema yote. Kijana anayekiacha ameona, na ameona sawasawa, kwamba hakina kazi.

Utafiti nao unamtetea. Katika miaka ya 1970 Heidi Dulay na Marina Burt waliwachunguza watoto waliokuwa wakijifunza Kiingereza, baadhi yao wakizungumza Kihispania nyumbani na wengine Kichina, wakaona kwamba makundi hayo mawili yalizipata sehemu ndogo ndogo za sarufi kwa mpangilio unaokaribiana sana. Tafiti za aina hiyo kwa jumla zinaonyesha kwamba -ing na -s ya wingi hushika mapema, ilhali -s ya nafsi ya tatu huchelewa mno. Kwa maneno mengine, jambo tunalolifundisha katika kurasa za mwanzo za kitabu ni miongoni mwa yale yanayoingia ulimini mwisho. Tangu nilipolielewa hilo, sijamkatisha tena mwanafunzi katikati ya maelezo yake kwa ajili ya -s. Naisubiri katika maandishi, ambako mtu ana muda wa kurudi nyuma na kujikagua.

Kosa la kuchanganya "he" na "she" linatokana na asili kama hiyo. Kiambishi chetu cha a- hakiulizi jinsia, kwa hiyo msemaji wa Kiswahili anayeharakisha kueleza habari za mama yake anaweza kuanza na "she" na kumalizia na "he", na darasa zima likaangua kicheko. Kicheko hicho ndicho ninachokikemea, kwa maana kosa lenyewe litaondoka kwa mazoezi, lakini aliyechekwa anaweza kukaa muhula mzima bila kunyoosha mkono.

Na hapa ndipo penye uzito wa kazi hii. Stephen Krashen, ambaye nadharia zake za miaka ya 1980 zimepingwa kwa mengi na pengine kwa haki, alisema jambo moja ambalo sijamwona mwalimu yeyote mzoefu akilikanusha: hofu huziba mlango, na lugha unayomsemesha mwanafunzi mwenye hofu haiingii hata ukiirahisisha namna gani. Hofu darasani haitokani na ukali peke yake. Mwalimu mpole kabisa anaweza kuipandikiza kwa haraka yake. Mary Budd Rowe alichunguza madarasa ya sayansi nchini Marekani akakuta kwamba walimu, baada ya kuuliza swali, walisubiri kwa wastani wa kama sekunde 1 tu kabla ya kumgeukia mwanafunzi mwingine au kujijibu wenyewe. Waliporefusha subira hiyo kufikia sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, waliojitolea kujibu wakaongezeka, na waliosema hawajui wakapungua. Hao walikuwa watoto waliosoma sayansi, wala hawakuwa na mzigo wa kujifunza lugha. Mwanafunzi wangu anapaswa kulielewa swali, kulitafuta jibu, kulivika maneno ya Kiingereza na kuyapanga, kisha ndipo aseme. Sekunde 3 kwake ni chache. Mimi huuliza swali, halafu nageuka taratibu kuelekea dirishani, kwa sababu nimegundua kwamba uso wa mwalimu anayesubiri nao ni aina ya kelele.

Akishasema, kazi ndiyo kwanza inaanza. Njia ambayo walimu wengi huipenda ni kurudia sentensi ya mwanafunzi ikiwa imenyooshwa, kwa upole, bila kumwambia kwamba amekosea. Ina adabu, na haikatishi mazungumzo. Roy Lyster na Leila Ranta, katika utafiti wao wa mwaka 1997 uliofanywa kwenye madarasa ya watoto waliofundishwa kwa Kifaransa nchini Kanada, walikuta kwamba njia hiyo ndiyo iliyotumiwa na walimu kupita nyingine zote, na ndiyo iliyoambulia kidogo zaidi kwa wanafunzi. Sishangai hata kidogo. Mazungumzo ya namna hii nimeyasikia mara nyingi mno:

"Yesterday I go to the library, Teacher."

"Oh, you went to the library?"

"Yes, Teacher, I go."

Kijana hana lawama. Ameulizwa kama alikwenda, naye amethibitisha kwamba alikwenda. Masikio yake yalikuwa yakisikiliza habari, wala hayakuwa yakisikiliza kitenzi, na hivyo ndivyo binadamu yeyote anavyosikiliza anapozungumza na mwenzake. Njia ninayoipendelea ni kuirudia sentensi yake hadi kwenye ukingo wa kosa, kisha nikome: "Yesterday I..." Nikiiacha ikining'inia hivyo, mara nyingi kitenzi sahihi hutoka kinywani mwake mwenyewe, na tofauti kati ya kupewa jibu na kulichomoa mwenyewe huonekana siku chache baadaye katika insha. Nisipolipata jibu, wenzake wawili watatu hujaribu, kisha tunaendelea na habari ya maktaba, maana tulitaka pia kujua alikwenda kusoma nini.

Kuhusu maandishi kuna ubishi ambao haujaisha. Mwaka 1996 John Truscott aliwatikisa walimu alipoandika kwamba kusahihisha sarufi katika insha za wanaojifunza lugha ya pili hakuna faida na kunaweza hata kudhuru, hivyo kuachwe. Dana Ferris alimjibu mwaka 1999 akisema kwamba hitimisho hilo limetolewa mapema mno, na kwamba masahihisho yaliyochaguliwa vizuri, yaliyo wazi na yanayopewa kipaumbele, yanaweza kumsaidia mwanafunzi. Mimi naegemea upande wa Ferris, lakini Truscott namshukuru, kwa sababu alituuliza swali ambalo tulikuwa tunalikwepa: ule wino mwekundu wote tunaoumwaga usiku unamfikia nani? Insha iliyorudishwa ikiwa na alama nyekundu thelathini haisomwi. Mwenyewe hutazama alama aliyopata chini ya ukurasa, hulinganisha na ya jirani yake, kisha hulifunga daftari. Ruth Butler, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1988, aliwagawa wanafunzi katika makundi: waliopewa maoni peke yake, waliopewa alama peke yake, na waliopewa vyote viwili. Waliopewa maoni peke yake ndio walioboresha kazi yao. Waliopewa alama pamoja na maoni walibaki kama wale waliopewa alama tupu, maana yake alama iliyameza maoni.

Sasa nieleze kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo ubishi huo wote hauligusi. Nilipata kufundisha msichana ambaye insha zake hazikuwa na kosa lolote. Sentensi zake zilikuwa fupi, zote za namna moja, na kila moja ilikuwa imekwisha kuhakikiwa kabla ya kuandikwa. Nilipowapa kazi ya kumweleza mtu wanayempenda, aliniletea maneno kama haya: "My grandmother is old. She is kind. She cooks well. I love her." Kwa kipimo cha makosa, alistahili alama zote. Kwa kipimo changu, hakuwa ameandika chochote, kwa kuwa bibi huyo angeweza kuwa wa mtu yeyote darasani. Alikuwa amejifunza, pengine kwa walimu waliotangulia na pengine kwa mitihani, kwamba asiyethubutu hakosei.

Sikumwandikia kitu. Nilimwita wakati wa mapumziko nikamuuliza kwa Kiswahili: "Bibi yako akikasirika, hufanya nini?" Akacheka, akasema bibi yake hapigi kelele hata siku moja. Akikasirika huviteremsha vikombe vyote kabatini na kuanza kuviosha, hata vile vilivyo safi, na watu wote nyumbani hujua siku hiyo wakae mbali na jikoni. Nikamwambia aende akaliandike hilo hilo. Aliniletea siku iliyofuata: "When my grandmother is angry she don't shout, she is washing the cups which is already clean." Makosa matatu katika sentensi moja, na mwanamke mzima yumo ndani yake. Nikaweka alama ya vema pembeni, nikaandika kwamba sasa namwona bibi, na nikapigia mstari "don't" peke yake, maana hilo alikuwa na uwezo wa kulirekebisha mara moja bila msaada. Mengine mawili nikayaacha. Alirudi mwenyewe kuuliza kuhusu "which is", kwa kuwa ilikuwa sentensi yake na alitaka ikae sawa.

Wapo wenzangu ambao hawatanielewa kwa kumsemesha Kiswahili katika somo la Kiingereza, na shule nyingi zimeweka sheria kali kuhusu jambo hilo. Naiheshimu hoja yao kwamba lugha hujifunzwa kwa kutumiwa. Ila mawazo ya kijana huyo kuhusu bibi yake yalikuwa yanaishi ndani ya Kiswahili, na kumkataza asiingie humo kungekuwa sawa na kumtaka aandike kuhusu mtu asiyemjua. Dakika 5 za Kiswahili zilimzalia ukurasa mzima wa Kiingereza. Kama kuna njia fupi zaidi ya hiyo, sijaiona.

Mtihani, bila shaka, huvuta upande mwingine. Mwongozo wa usahihishaji hukata alama kwa kila kosa, na ni vigumu kumshawishi kijana anayetaka kufaulu kwamba athubutu. Ninachofanya ni kuwaeleza wazi kwamba kuna uandishi wa kujifunza na kuna uandishi wa kuonyesha, na kwamba wiki za mwisho kabla ya mtihani tutafanya huo wa pili kwa bidii, pamoja na hila zake zote za kuhesabu maneno na kukagua vitenzi. Vijana hulielewa hilo upesi kuliko wakaguzi.

Kuhusu tahajia nitasema machache tu. Mtu aliyekulia katika Kiswahili, ambamo herufi husomwa kama zilivyoandikwa, huona maneno kama "knight" na "though" ni mtego aliowekewa kwa makusudi. Huwa nawaeleza kwamba William Caxton alipoanzisha kiwanda cha kuchapa vitabu nchini Uingereza mwaka 1476, matamshi ya irabu za lugha hiyo yalikuwa yakiendelea kuhama, na kwamba hiyo "k" ya "knight" pamoja na "gh" yake viliwahi kutamkwa kweli. Wachapaji walisaidia kuyagandisha maandishi, lakini ndimi ziliendelea na safari. Maelezo hayo hayamfundishi mtu kuandika neno hata moja, lakini huondoa ile dhana kwamba yeye ndiye mjinga, nami huyaona yanafaa kwa sababu hiyo.

Kitu kinachorekebisha makosa mengi kwa pamoja, bila mwalimu kugusa kalamu, ni kusoma vitabu vingi vilivyo rahisi na vya kupendeza. Ushahidi ninaoupenda unatoka Fiji, ambako Warwick Elley na Francis Mangubhai walizipelekea baadhi ya shule za msingi za vijijini vitabu 250 vya hadithi za Kiingereza kwa kila darasa, wakachapisha matokeo yao mwaka 1983. Watoto waliopata vitabu hivyo walisonga mbele katika kusoma kwa kasi inayokaribia maradufu ya wenzao waliobaki na mtaala wa kawaida, na faida hiyo ikaenea hadi kwenye uandishi na sarufi. Sababu haiko mbali. Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba ili mtu asome riwaya ya Kiingereza bila msaada anahitaji familia za maneno (yaani neno la msingi pamoja na maumbo yanayotokana nalo) zipatazo 8,000 hadi 9,000. Hakuna ratiba ya vipindi inayoweza kufundisha maneno mengi kiasi hicho moja moja ubaoni. Lazima mengi yao mwanafunzi akutane nayo mwenyewe, tena mara nyingi, ndani ya habari anayotaka kujua mwisho wake. Ndiyo maana kila mahali nilipofundisha nimepigania rafu ya vitabu kabla ya kupigania kitu kingine chochote, na vitabu vyembamba vimenifaa kuliko vinene, kwa kuwa kijana aliyemaliza kitabu kimoja hutaka kingine, ilhali aliyekwama katikati ya kinene huitazama rafu kwa kinyongo.

Walimu wachanga huniuliza juu ya madaftari. Darasa likiwa na wanafunzi wengi, kusahihisha kila insha neno kwa neno kunamaliza usiku na kumaliza mapenzi ya kazi. Ushauri wangu ni wa kiufundi. Katika kila insha mimi huchagua aina mbili tu za makosa, kwa kawaida zile zinazoficha maana na zile ambazo tumezifanyia kazi karibuni, na huziwekea alama ya herufi pembeni mwa mstari bila kuonyesha kosa liko wapi hasa. "V" ni kitenzi, "A" ni kibainishi kama "a" na "the", na kadhalika. Kulitafuta ni kazi ya mwenye daftari. Kisha dakika 10 za kipindi kinachofuata hutumika wote wakiwa wanatafuta, huku wakiulizana na mimi nikizunguka kati ya madawati. Kila mmoja ana kurasa za nyuma ambamo huiandika sentensi yake ilivyokuwa na ilivyokuwa baada ya kurekebishwa. Anapoleta insha mpya, juu kabisa anaandika kosa alilokuwa akiliwinda safari hii, nami nasoma kwanza kwa jicho la kosa hilo, kabla sijaanza kuisoma insha yenyewe kama msomaji wa kawaida anayetaka kujua kilichotokea.